Dawa ya bure ina bei: ni nani aliyelima, na ni nani anayepanga bei?



Siku moja baada ya ibada, shemasi mmoja wa parokia yetu alitungoja mlangoni. Kijana wake alikuwa amemaliza matibabu ya kifua kikuu sugu, ile aina ambayo dawa za kawaida haziiwezi tena. Tulimshukuru Mungu pamoja naye. Kisha akatuuliza: “Pasta, vidonge vya kijana wangu sikuvilipia hata franga moja. Nililipa motari na chakula tu. Lakini muuguzi alituambia kwamba miaka ya nyuma watu walizingoja dawa hizo, na wengine walikufa wakingoja. Kama ni dawa ya bure, ilikuwaje ikawa haba?”

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwambia tutatafuta. Tulisoma, tukauliza wauguzi na waganga walio washiriki wa makanisa yetu, na haya ndiyo tuliyoyaelewa. Tunayaandika kwa ajili yake na kwa ajili yenu wote, kwa sababu jambo hili linagusa miili yetu, na pia linagusa haki.

Dawa ya bure si dawa isiyo na bei

Jambo la kwanza ni hili: dawa tunayopewa bure kwenye kituo cha afya, mtu mwingine ameinunua. Kwa kifua kikuu, SIDA na malaria, sehemu kubwa ya dawa zinazofika Congo hununuliwa kwa pesa za Mfuko wa Dunia wa kupambana na magonjwa hayo matatu, na pesa za mfuko huo zinatoka hasa katika kodi za wananchi wa nchi nyingi.

Mfuko una kiasi chake, kama vile sanduku la matoleo lina kiasi chake. Bei ikiwa juu, wanaotibiwa ni wachache. Bei ikishuka, wanaongezeka. Mgonjwa haoni bei hiyo, lakini ndiyo inayoamua kama jina lake litaingia katika orodha.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme kuna dola milioni 1 za kununua dawa moja tu. Kama dawa ya mgonjwa mmoja ni dola 900, zitatosha wagonjwa 1,111. Kama ni dola 130, zitatosha wagonjwa 7,692. Hatukuchagua namba hizi ovyo: zote mbili ni bei ambazo dawa ya kijana wa shemasi wetu imepitia.

Vidonge vya bedaquiline

Dawa hiyo inaitwa bedaquiline. Iligunduliwa Ubelgiji katika maabara ya kampuni ya Janssen, ambayo ni mali ya Johnson & Johnson, na ikakubaliwa Marekani mwezi wa Desemba 2012. Ilikuwa dawa ya kwanza ya aina mpya dhidi ya kifua kikuu baada ya zaidi ya miaka 40.

Walio na umri wetu wanakumbuka jinsi kifua kikuu sugu kilivyotibiwa kabla yake. Mgonjwa alichomwa sindano kila siku kwa miezi mingi, na matibabu yote yaliweza kufika miaka miwili. Sindano zile ziliharibu masikio ya wengi. Mtu alipona kifua, akabaki kiziwi. Leo, kwa kuunganisha bedaquiline na dawa nyingine mpya, wagonjwa wengi wanamaliza kwa miezi sita, kwa vidonge tu.

Hapo mwanzo kampuni ilipanga bei tatu kwa matibabu ya miezi sita: dola 30,000 kwa nchi tajiri, dola 3,000 kwa nchi za kati, na dola 900 kwa nchi maskini kama yetu. Kuanzia mwaka 2015 ilitoa pia dozi za msaada kwa wagonjwa 30,000, kwa kushirikiana na serikali ya Marekani. Tunashukuru kwa msaada huo. Lakini msaada una mwisho, na aliyepewa msaada hana sauti juu ya siku utakapokatika.

Sasa, ni nani aliyelipia kazi ya kuitengeneza dawa hii? Mwaka 2020 wachunguzi walichapisha hesabu yao. Waliona kwamba pesa za umma na za mashirika ya hisani zilizowekwa katika bedaquiline, wakihesabu majaribio kwa wagonjwa, punguzo la kodi na zawadi ambazo serikali huipa kampuni inayotengeneza dawa za magonjwa yaliyosahauliwa, zilikuwa kati ya dola milioni 455 na milioni 747. Kwa upande wa kampuni, walikadiria kati ya dola milioni 90 na milioni 240. Kwa maneno mengine, umma ulibeba mzigo mkubwa kuliko kampuni, lakini haki ya kupanga bei ilibaki kwa kampuni peke yake.

Haki hiyo inaitwa hataza, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la breveti. Ni hati inayomkataza mtu mwingine yeyote kutengeneza dawa hiyo kwa muda, kwa kawaida miaka 20. Hataza kuu ya bedaquiline ilikuwa imalizike mwezi wa Julai 2023, lakini kampuni ilikuwa imeomba hataza nyingine juu ya namna ya kuitengeneza kidonge, ili muda uongezeke. Nchini India wanawake wawili waliopona kifua kikuu sugu, Nandita Venkatesan wa India na Phumeza Tisile wa Afrika Kusini, walipinga ombi hilo. Wote wawili walikuwa wamepoteza masikio yao kwa sababu ya dawa za zamani. Mwezi wa Machi 2023 ofisi ya hataza ya India ilikubaliana nao.

Katika mwaka ule ule, viwanda vingine vilipata njia ya kuuza dawa ile ile, kampuni ikatangaza kwamba haitatumia hataza zake kuwazuia katika nchi 134 zenye kipato kidogo na cha kati, na bei ya manunuzi ya pamoja ikashuka hadi dola 130 hivi. Dawa haikubadilika. Kilichobadilika ni nani mwenye ruhusa ya kuitengeneza.

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa shemasi wetu. Miaka ile ambayo watu walingoja, kidonge kilikuwa tayari kimejulikana na kimelipiwa. Bei ndiyo iliyokuwa haijafunguliwa.

Pamoja Tulinde Maisha

Mtu anaweza kusema: hizo ni pesa za Wazungu, sisi tunadai nini? Ndugu, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri hatuwezi kusema hivyo. Tulilipa kwa kitu kingine.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina. Ilipotangazwa kuwa imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Makanisa yetu yalizika bila kugusa maiti, na kusalimiana bila kupeana mikono. Katikati ya vita na hofu ile, kazi kubwa ya uchunguzi ilifanyika katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Ilipewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Iliongozwa na INRB ya Kinshasa, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, OMS. Wagonjwa 681 waliingia ndani yake, na dawa nne zikalinganishwa.

Mwezi wa Agosti 2019 majaribio yalisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu dawa mbili zilionekana wazi kuzishinda nyingine. Kati ya waliopewa dawa ya kulinganishia, karibu nusu walikufa. Kati ya waliopewa mojawapo ya zile mbili, walikufa karibu 34 au 35 kwa 100. Na waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, alikufa karibu 1 kwa 10.

Moja ya dawa hizo leo inaitwa Ebanga. Inatokana na kingamwili za Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Damu yake ilichukuliwa miaka 11 baadaye, na wachunguzi wakakuta bado ina askari wanaokijua kirusi kile. Maabara ya serikali ya Marekani ilitoa humo dawa, kisha ikaipa kampuni ya Marekani, Ridgeback Biotherapeutics, ruhusa ya kuitengeneza. Dawa ya pili, Inmazeb, ni ya kampuni ya Regeneron, nayo ilisaidiwa na pesa za serikali hiyo. Zote mbili zilikubaliwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2020.

Tazameni basi mnyororo huu. Damu ni ya Mkongomani, na wagonjwa waliokubali kujaribiwa ni ndugu zetu. Wauguzi waliohatarisha maisha ni Wakongomani pamoja na wageni waliokuja kusaidia. Pesa nyingi ni za walipa kodi wa Marekani. Lakini dawa ilipokubaliwa, haki ya kuiuza ilikuwa ya kampuni, na sehemu kubwa ya dozi ilinunuliwa na kuwekwa katika akiba ya Marekani, kwa kuogopa kwamba siku moja adui angeweza kutumia Ebola kama silaha. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, ambalo wahudumu wake walikuwa pamoja nasi katika majaribio, limelalamika hadharani kwamba dozi hazipatikani vya kutosha na kwa haraka pale ugonjwa unapotokea. OMS iliipendekeza kila moja ya dawa hizi mbili mwezi wa Agosti 2022. Pendekezo ni jema, lakini halijazi ghala.

Hatuandiki haya ili kuchochea hasira dhidi ya wageni. Bila wao dawa hizi zisingekuwepo. Tunauliza tu: katika karatasi zote zilizosainiwa, ni wapi palipoandikwa kwamba watu wa Beni na Mangina watapata dozi kwanza, na kwa bei gani?

Mlango ulifunguliwa mwaka 1980

Kwa nini mambo yamekuwa hivi? Kisa kinaanzia Marekani, nchi inayotoa pesa nyingi za umma kwa uchunguzi wa afya kuliko nchi nyingine yoyote. Wachunguzi waliochapisha kazi yao mwaka 2018 waliangalia dawa mpya 210 zilizokubaliwa huko kati ya 2010 na 2016, wakakuta kwamba kila moja ilitegemea kwa namna fulani uchunguzi uliolipiwa na taasisi za afya za serikali.

Mwezi wa Desemba 1980 bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo Bayh-Dole. Iliruhusu vyuo vikuu na kampuni ndogo kumiliki hataza za uvumbuzi uliolipiwa na serikali. Kusudi lilikuwa jema: uvumbuzi mwingi ulikuwa unalala katika kabati, hakuna aliyeugeuza kuwa dawa. Sheria iliiachia serikali kufuli moja: kama mwenye hataza hautoi uvumbuzi kwa watu kwa masharti yenye haki, serikali inaweza kumpa mwingine ruhusa. Lakini kwa zaidi ya miaka 40 kufuli hiyo haikutumika hata mara moja kupunguza bei ya dawa, ingawa iliombwa mara nyingi. Mwaka 1989 taasisi za afya za Marekani ziliweka katika mikataba yao kifungu kilichodai bei yenye haki. Kampuni zilikataa kushirikiana, na mwaka 1995 kifungu kikaondolewa.

Tuwe wakweli pia kwa upande wa kampuni. Wanasema kwamba dawa nyingi hushindwa njiani, na faida ya ile inayofaulu ndiyo inayolipia zile zilizoanguka. Hiyo ni kweli kwa sehemu. Kutoka maabara hadi famasi ni safari ya miaka mingi, na kiwanda kina gharama yake. Mfanyakazi anastahili ujira wake, hilo tunalihubiri. Lakini anayesema “nilihatarisha pesa zangu” aonyeshe ni zake kiasi gani. Mwezi wa Mei 2019 nchi wanachama wa OMS zilikubaliana kuweka wazi bei halisi wanazolipa kwa dawa. Juu ya kuweka wazi gharama za uchunguzi, azimio lilibaki laini. Basi tunabishana juu ya bei ya gunia bila kujua mbegu na jembe viligharimu ngapi.

Masharti huwekwa kabla ya kupanda

Je, kuna njia nyingine? Ipo, na Congo imeiona.

Wazee wa Kwilu na Kasai wanakumbuka dawa ya malale iliyokuwa na arseniki ndani yake. Ilichoma mishipa kama moto, na iliua karibu mgonjwa 1 kati ya 20. Shirika lisilotafuta faida, DNDi, lilichukua molekuli ya zamani iliyokuwa imesahauliwa, fexinidazole, likafanya kazi pamoja na kampuni ya Sanofi na waganga Wakongomani wakiongozwa na Daktari Victor Kande. Pesa zilitoka kwa serikali kadhaa na kwa wafadhili. Majaribio yalianza mwaka 2012 katika hospitali za Congo na Afrika ya Kati. Mwaka 2018 dawa ilikubaliwa: vidonge vya siku 10, ambavyo wagonjwa wengi wanaweza kuvimeza nyumbani. Sanofi inavitoa bure kupitia OMS. Hapo waliokaa mezani tangu siku ya kwanza walijua dawa hii ni ya nani.

Mfano wa pili ni chanjo ya homa ya uti wa mgongo iitwayo MenAfriVac. Viongozi wa Afrika walisema mapema: ikizidi nusu dola kwa dozi, hatutaweza. Basi bei hiyo ikawa sharti la kazi yote. Ujuzi mmoja muhimu ulitoka katika maabara ya serikali ya Marekani, kiwanda cha Serum Institute of India kikatengeneza, na mwaka 2010 chanjo ilianza kutolewa Burkina Faso kwa chini ya nusu dola.

Linganisheni na chanjo ya mpox. Ile ya Bavarian Nordic ilikuzwa kwa miaka mingi kwa msaada wa pesa za serikali ya Marekani, iliyotaka kinga dhidi ya ndui. Aina mpya ya mpox ilipotoka Kamituga, OMS ikatangaza hatari ya dunia tarehe 14 Agosti 2024. Mwezi uliofuata UNICEF ilitangaza mapatano ya kuinunua kwa bei isiyozidi dola 65 kwa dozi, na mtu anahitaji dozi mbili. Dozi za kwanza zilizofika Kinshasa zilikuwa za msaada wa Ulaya. Tulishukuru tena, na tena tulikuwa tumengoja.

Sisi tufanye nini?

Kwanza, tusichanganye mambo. Bei ya amoksilini au ya dawa ya malaria katika famasi ya mtaa wetu haitokani na hataza. Dawa hizo viwanda vingi vinazitengeneza. Bei yake inapandishwa na barabara mbovu, vizuizi vya njiani, kodi nyingi na mikono mingi ya wachuuzi. Shida hiyo ni ya kwetu, na inataka dawa ya kwetu: vituo vya afya vya kanisa vinunue pamoja katika maghala ya dawa yanayoaminika, na bei zibandikwe ukutani ambapo mgonjwa anaziona.

Pili, tujue haki ya nchi yetu. Congo ni mojawapo ya nchi maskini kabisa ambazo Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu zisitoe wala kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Wabunge wetu wakiulizwa juu ya mikataba ya biashara, waulizwe pia kama wanailinda ruhusa hiyo.

Tatu, tuulize kabla ya damu kuchukuliwa. Wachunguzi watarudi katika vijiji vyetu, na tunataka warudi, maana magonjwa hayajatuacha. Watakapokuja kwa wachungaji wawaombe wawahamasishe washiriki, tuwakaribishe na tuwaulize maswali matatu: Nani analipia kazi hii? Dawa ikifaulu, itakuwa ya nani? Na sisi tulioshiriki tutaipata kwa njia gani na kwa bei gani? Majibu yaandikwe, na yasomwe kwa Kiswahili mbele ya watu.

Nne, tuseme na ndugu zetu wa nje. Makanisa yetu yana makanisa rafiki Ulaya na Marekani. Kodi yao ndiyo inayolipia maabara, na wao pia wanalia kwa bei ya dawa. Kuliko kuwaomba kila mara katoni ya dawa, tuwaombe wawaulize viongozi wao waliweka masharti gani walipotoa pesa.

Tulimrudia shemasi wetu tukamweleza haya, kwa ufupi zaidi. Alisikiliza, akacheka kidogo. Yeye ni mkulima. Akasema: “Pasta, mtu akikulimia shamba kwa mapatano ya nusu kwa nusu, mnapatana kabla ya kupanda. Ukingoja mavuno, utaambiwa mahindi yote ni yake.”

Paulo alimwandikia Timotheo jambo la namna hiyo katika barua yake ya pili, sura ya 2, mstari wa 6: mkulima anayefanya kazi ndiye wa kwanza kustahili kupata sehemu ya mavuno. Tunajua Mtume alikuwa akisema juu ya kazi ya Injili. Lakini alichukua mfano huo kwa sababu kila msikilizaji aliona kwamba ni haki. Watu wa Kikwit, wa Beni, wa Butembo, wa Katwa na wa Mangina walilima. Wakati mwingine tutakapoitwa shambani, tuitikie, na tupatane kabla ya kupanda.